Jinsi ya kusoma taashira kwenye riwaya ya vijana inayohusu kupona kiwewe: mwongozo kamili, kwa kutumia Speak

Mtu akipewa riwaya ya namna hii afu akaambiwa achambue taashira (vitu vinavyobeba maana zaidi ya vyenyewe), mara nyingi anaandika "mti unawakilisha uhai, kioo kinawakilisha nafsi, baridi inawakilisha huzuni" na anaona kamaliza. Hapo kabandika lebo tu, kitabu chenyewe bado hajakigusa. Na kwenye riwaya za kiwewe hasara yake ni kubwa zaidi, maana mhusika mkuu kwa kawaida ni mtu ambaye hawezi kulisema jambo lililompata, kwahiyo vitu vinavyomzunguka ndo vinasema kwa niaba yake, ukivipita haraka umempita yeye.

Nitatumia kitabu kimoja toka mwanzo mpaka mwisho ili uone hatua zinavyofanya kazi: Speak ya Laurie Halse Anderson, ilitoka Marekani mwaka 1999. Kama hujakisoma, jua kwamba nitaeleza mpaka mwisho wake, na jua pia kwamba kinahusu ubakaji. Melinda Sordino anaanza mwaka wa kwanza wa haiskuli huko Syracuse, New York. Mwezi wa nane, kwenye pati kabla shule hazijafunguliwa, mvulana wa madarasa ya juu anaitwa Andy Evans kambaka. Melinda akapiga simu polisi, akashindwa kusema, akaondoka kwa mguu. Polisi wakaja, pati ikavurugika, na shule nzima inachojua ni kwamba yeye ndo aliyewachoma wenzake kwa polisi. Marafiki wote wanamkimbia na yeye taratibu anaacha kuongea. Sisi wasomaji wenyewe hatuambiwi wazi mpaka tumefika mbali sana kitabuni, na hilo likumbuke, litatusaidia huko mbele.

Hatua ya kwanza: soma kama msomaji wa kawaida

Raundi ya kwanza usitafute taashira kabisa. Soma, umia, cheka pale Melinda anapochekesha (na anachekesha kweli, ana ulimi mkali huyu binti ingawa haufungui). Ila uwe na penseli, kila kitu kikirudi mara ya pili weka kialama pembeni. Usiandike maana, kialama tu. Ukianza na maana mapema utakuwa unakilazimisha kitabu kikubaliane na wewe.

Hatua ya pili: orodhesha vitu, mawazo weka pembeni

Ukimaliza chukua daftari uchore jedwali. Safu ya kwanza andika kitu: midomo, kioo, stoo, mti, chura, mifupa, theluji, mbegu, sungura. Usiandike "upweke" au "matumaini", hayo ni mawazo, hayashikiki, yatakuja yenyewe baadae. Safu ya pili andika kimetokea wapi, na kwa bahati nzuri Speak imegawanywa kwenye vipindi vinne vya ripoti za shule kwahiyo una mafungu manne tayari. Safu ya tatu, nani kakigusa au kukitaja. Safu ya nne watu wengi huwa hawaiweki na mimi naona ndo ya muhimu kuliko zote: mwili wa mhusika unafanya nini wakati huo. Anapumuaje, anasimama wapi, mikono iko wapi, koo likoje.

Hatua ya tatu: anza na mwili

Kiwewe kinakaa mwilini kabla hakijafika kwenye maneno, na mwandishi anayejua kazi yake anaanzia hapo. Melinda anang'ata midomo yake mpaka inakuwa vidonda na magamba, na hali hiyo inaendelea kwa sehemu kubwa ya kitabu. Koo linamuuma, linakaza, kuna siku maneno yanafika pale na kugoma. Angalia hata ukurasa wenyewe ulivyopangwa: kuna mazungumzo yameandikwa kama igizo, jina la mtu mwingine na maneno yake, afu "Me" (yaani mimi, Melinda) na mbele yake hamna kitu, patupu. Ule upweupe wa karatasi uingize kwenye jedwali lako kama kitu kingine chochote, mwandishi kauweka makusudi.

Sasa soma somo la baiolojia. Wanafunzi wanapasua chura, kabanwa kwa pini kwenye trei, tumbo juu, mwenzake Melinda, David Petrakis, ndo aliyembana, na kisu kashika Melinda mwenyewe. Kabla hajakata Melinda anazimia na kugonga kichwa. Juu juu unaweza sema kaogopa damu. Ila rudi kwenye ile safu ya nne: mnyama kalazwa chali, hawezi kujitetea, mtu yuko juu yake na chombo. Kichwa cha Melinda hakijakubali kukumbuka ila mwili wake umeshakumbuka wote. Na wakati huo sisi bado hatujaambiwa wazi kilichotokea kwenye pati! Yaani chura katueleza kabla ya Melinda. Ukipata tukio kama hili, ambapo mwitikio wa mwili ni mkubwa kuliko jambo lililopo mbele yake, weka mstari mwekundu, hapo pana kitu.

Hatua ya nne: chagua kitu kimoja ukifuate mpaka mwisho

Makosa ya kawaida ni kusema kitu kina maana moja. Taashira nzuri inabadilika, na mabadiliko yake ndo hadithi ya kupona yenyewe. Kwenye Speak kitu hicho ni mti.

Kinaanza kama bahati nasibu tu. Mwalimu wa sanaa, Bwana Freeman, ana tufe bovu la dunia limejaa vikaratasi, kila mwanafunzi anachomoa kimoja na kilichoandikwa hapo ndo kazi yake ya mwaka mzima. Melinda anapata mti. Anaona ni rahisi mno, anataka kukirudisha achomoe kingine, mwalimu anamkatalia. Andika hilo kwenye jedwali: mti hakuuchagua. Kama ambavyo lililompata hakulichagua, ila sasa ni lake na lazima alifanyie kitu.

Afu fuata. Kuna wakati anachora kwa rangi za maji miti iliyopigwa radi, anajitahidi ionekane karibu imekufa ila haijafa kabisa. Soma tena hapo: haijafa kabisa. Baadae anachonga kwenye linoleamu (ile shata ngumu ya sakafuni) na inatoka mibovu, mikavu, haina uhai wowote, mwalimu anamwambia ukweli bila kumvunja moyo. Anakutana na kazi za Picasso na anajaribu mti wa vipande vipande kwa mtindo wa kubisimu, na kwa mtu ambaye mwenyewe yuko vipande vipande hiyo inaeleweka, ni mara ya kwanza anapata namna ya kuchora uliovunjika bila kudanganya kwamba ni mzima.

Wakati huo huo kuna mti mwingine nje ya karatasi. Baba yake analeta mafundi kukata matawi ya mwaloni mbele ya nyumba. Mtoto wa jirani aliye kwenye baiskeli anauliza kwanini wanauua, baba anaeleza kwamba mti unaumwa, wanaondoa sehemu iliyoharibika ili uweze kukua tena. Baba hajui kabisa kwamba anamwongelea binti yake aliyesimama palepale. Mimi hapa ndo naona ufundi wa kitabu, maana mwandishi hakumpa mtu mwenye hekima aje kumfundisha Melinda, alimpa mzazi aliyechoka anayeongea na mtoto wa baiskeli kuhusu matawi.

Na mchoro wa mwisho je? Hautoki mti mzuri wa kwenye kalenda. Haujalingana pande zote, gamba lake ni la kukwaruza, na tawi moja la chini lina ugonjwa. Anauongezea ndege. Ukiandika "mti unawakilisha kupona" umeacha lile tawi, na lile tawi ndo linakwambia kupona kwa aina gani: uharibifu upo, unaonekana, umechorwa kwa mkono wake mwenyewe, na mti unakua hivyohivyo.

Kwa riwaya yoyote utakayoisoma fanya hivi: andika kitu kilivyokuwa mara ya kwanza, kilivyokuwa katikati, kilivyokuwa mwisho, afu uliza nani alikibadilisha. Kama kilibadilika chenyewe tu bila mhusika kukigusa, huenda ni pambo. Kama mhusika ndo kakibadilisha kwa mikono yake, shikilia hapo hapo.

Hatua ya tano: uliza kitu kinafanya kazi gani kwenye tukio

Hii nitaieleza kwa kirefu maana ndo inatofautisha uchambuzi wa kawaida na uchambuzi wenye nguvu. Usiulize tu kinamaanisha nini. Uliza kinafanya nini, kinashikwa na nani, kinavunja nini.

Chukua kioo. Mapema kabisa Melinda anakitoa kioo cha chumbani kwake anakificha kabatini kimegeuzwa ukutani. Shuleni anagundua stoo ya zamani ya mfagizi iliyosahaulika, anaifanya maficho yake, na ndani kuna kioo kilichopasuka. Nacho anakifunika, kwa bango la Maya Angelou alilopewa na mtu wa maktaba baada ya bodi ya shule kupiga marufuku kitabu chake kimojawapo. Kwahiyo mpaka hapo una kioo mara mbili, mara zote mbili hataki kujiona. Wengi wanaishia hapo: "kioo ni nafsi anayoikimbia." Sawa, ila endelea.

Kwanza lile bango. Maya Angelou kaeleza kwenye kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka 1969, kwamba alibakwa akiwa mtoto mdogo na baada ya hapo akaacha kuongea karibu miaka mitano. Afu huyo mtoto bubu ndo akaja kuwa moja ya sauti kubwa za Marekani. Melinda haelezi haya kwenye riwaya, anampenda tu kwa vile bodi inamuogopa. Lakini fikiria: binti aliyenyamaza kafunika sura yake kwa sura ya mwanamke aliyewahi kunyamaza baada ya jambo lilelile na akarudi. Ndo maana ukiona jina la mtu halisi kwenye riwaya nenda katafute maisha yake, usilipite kama mapambo ya ukutani.

Pili mwisho. Andy anamfuata kwenye ile stoo, anafunga mlango, anamshambulia tena. Melinda anapapasa juu kwa mkono anapata kipande cha mbao, ni kitako cha sanamu yake ya mifupa. Hiyo sanamu ina historia: siku ya Thanksgiving (sikukuu ya Kimarekani ya kushukuru) chakula cha kwao kiliharibika, akachukua mifupa ya bata mzinga akaenda nayo darasa la sanaa, akaijenga na kichwa cha mdoli wa Barbie kilichozibwa mdomo kwa tepu, na Bwana Freeman alipoiona aliona maumivu mule. Sasa kitako hicho anakibamiza kwenye bango, kioo nyuma yake kinavunjika, anachomoa kipande cha kioo anakiweka shingoni mwa Andy. Na kabla ya hapo ameshapiga kelele za kukataa, zimetoka kwa sauti kubwa.

Hebu hesabu vitu vilivyokutana kwenye tukio moja: sanamu ya mdomo uliozibwa, sura ya Angelou, kioo alichokikimbia mwaka mzima, na stoo yenyewe. Vyote alivitumia kujificha au kueleza kimyakimya, vyote vinageuka kumtetea. Kioo alichoogopa kujiona ndo kinamwokoa, ila mpaka kivunjike kwa mkono wake. Hii huwezi kuipata kwa kuandika "kioo ni nafsi". Unaipata kwa kufuata mkono unaenda wapi.

Hatua ya sita: linganisha na namna watu wanavyopona kweli

Daktari wa magonjwa ya akili Judith Herman aliandika mwaka 1992 kuhusu hatua tatu za kupona kiwewe: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, na kuungana tena na watu na maisha. Hazifuatani kwa mstari ulionyooka, mtu anaenda anarudi. Mimi naona ni kipimo kizuri sana cha taashira za riwaya za namna hii, chukua kila kitu kwenye jedwali uulize kipo hatua ipi.

Stoo ni usalama, na hapa kuna mtego mmoja. Wasomaji wengi wanaihukumu ile stoo, wanasema ni jela aliyojifungia. Hapana. Mtu ambaye mwili wake uliingiliwa anahitaji kwanza sehemu yenye mlango anaoumiliki yeye, bila hiyo hamna kinachoendelea. Stoo inakuwa tatizo pale tu anapokuwa hana tena haja nayo, na angalia muda: siku Andy anayomvamia mle ndani, Melinda ndo ametoka kuamua mwenyewe kwamba haitaki tena. Ukiisoma stoo kama kitu kibaya toka mwanzo umemlaumu mhanga bila kujua.

Kukumbuka kunaanza kwa maandishi kabla ya sauti. Anaandika jina la Andy kwenye ukuta wa choo cha wasichana, chini ya onyo la wavulana wa kuepukwa, na akirudi anakuta wasichana wengine wameongeza maneno yao. Baadae anamwandikia Rachel, aliyekuwa rafiki yake kipenzi, kwenye karatasi wakiwa maktaba. Ukuta, karatasi, afu mdomo. Usiruke huo mpangilio kwenye insha yako.

Kuungana tena ni pale anapotoka nje kukwangua majani makavu uani na kupanda mbegu za maua, na mwishoni anapoanza kumweleza Bwana Freeman.

Hatua ya saba: majira ya mwaka na vitu vingine vidogo

Majira usiyatumie sana, yanatabirika. Ndiyo, Syracuse kuna theluji nyingi na miezi ya katikati ya kitabu ni baridi na Melinda kaganda nayo, na mwishoni barafu kooni inayeyuka. Sentensi mbili zinatosha. Mbegu zina utamu zaidi: kwenye baiolojia anapasua tufaha anakuta mbegu moja imeshaanza kuchipua mle mle ndani, hakuna aliyeipanda. Linganisha na ile ya chura, darasa lilelile, mwalimu yuleyule, ila hapa kukata kumeonyesha uhai.

Hatua ya nane: jua pa kuacha

Kitabu chenyewe kinakuonya. Wanasoma The Scarlet Letter ya Hawthorne na mwalimu wa Kiingereza anatafuta taashira kila kona, mpaka Rachel anahoji kama kweli mwandishi aliyakusudia yote hayo. Chukua hilo swali kwa uzito. Kipimo changu ni hiki: kitu kimerudi zaidi ya mara mbili? Kimebadilika? Mwili wa mhusika umekijibu? Kikifeli maswali yote matatu kiache kiwe kitu tu. Shule ya Melinda inabadilisha jina la timu yake mara kadhaa mwaka mzima, na hapo unaweza kusema kidogo kwamba hata shule haijijui, ila usiijengee aya nzima.

Kitu kingine, usitumie maisha ya mwandishi kama ufunguo wa kila mlango. Anderson mwenyewe kaeleza kwenye Shout, kitabu cha kumbukumbu za maisha yake cha mwaka 2019, kwamba alibakwa akiwa na miaka 13. Inasaidia kuelewa kwanini anajua mwili unavyonyamaza. Haithibitishi kwamba mti fulani una maana fulani.

Hatua ya tisa: kuandika aya

Aya dhaifu: "Mti ni taashira ya Melinda kwa sababu anakua kama mti." Aya yenye nguvu inataja kitu, tukio lake hasa, mabadiliko, na kile ambacho mhusika hakuweza kukisema wakati huo. Kwa mfano: "Miti ya kwanza ya Melinda imepigwa radi na iko karibu kufa, wakati ambao hajamweleza mtu yeyote kuhusu Andy. Mti wa mwisho una tawi lenye ugonjwa na ndege, na anaumaliza akiwa ameshapiga kelele za kukataa. Mwandishi hakuuondoa ugonjwa kwenye picha, kwahiyo kupona hapa ni kukua pamoja na jeraha." Unaona, hamna neno "linawakilisha" hata moja. Jaribu kulifuta kwenye rasimu yako yote uone utalazimika kuandika nini badala yake.

Hatua ya kumi: mkijadili na wenzako

Hii ni nje ya insha ila siwezi kuiacha. Kwenye kundi lolote linalosoma kitabu cha hivi kuna uwezekano mkubwa mmoja wenu yamempata, na hajasema. Kwahiyo swali la "kwanini hakusema tu?" likiletwa, lirudisheni kwenye kitabu: nani alimpa nafasi ya kusema, na nani aliziba? Wazazi wanaachiana vikaratasi jikoni. Mkuu wa shule na mshauri wanamhoji kuhusu maksi zake. Rachel mwenyewe alipoambiwa hakuamini. Msimlazimishe mtu kusoma kwa sauti ukurasa wa pati, na anayetaka kutoka nje atoke bila kuulizwa. Na mtu akibaki kimya kwenye mjadala mzima mwacheni akae kimya, mkitoka mmoja wenu mtaratibu amfuate pembeni amwambie tu kwamba yupo, siku yoyote akitaka kuongea.